Makabati ya jikoni na fremu zake: rangi ya mafuta, ya maji au ya kupuliza?

“Dada, nyeupe ni nyeupe tu,” muuza rangi wa Gerezani, Dar es Salaam, aliniambia huku akinisogezea kopo la tatu. Nikamwomba afungue yote. Akayafungua kwa bisibisi, shingo upande. Nikatoa karatasi ya A4 mkobani, nikaiweka juu ya kaunta katikati ya makopo, na hapo ndipo naye akainama kuangalia. Ya kwanza ilikuwa na umanjano wa maziwa ya mgando. Ya pili ilielekea buluu. Ya tatu ilikuwa na kijivu kwa mbali, kama maji yaliyooshewa mchele. Kwenye lebo, zote tatu ni nyeupe.

Nilikuwa king'ang'anizi siku hiyo kwa sababu nilikuwa narudia kazi niliyokwisha kuilipia. Miaka minne nyuma tuliyapiga makabati ya jikoni kwetu Tabata rangi ya mafuta, na fremu za mlango na dirisha tukazimalizia kwa kopo jingine la nyeupe lililokuwa limebaki stoo. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeona kitu. Kufika mwaka wa pili makabati yalikuwa rangi ya samli, fremu zinazopigwa na mwanga wa dirishani mchana kutwa zimebaki nyeupe, na jiko likawa linaonekana chafu hata likiwa limetoka kusuguliwa. Kilichonifumbua macho ni kalenda. Ilikaa kwenye mlango wa kabati mwaka mzima; nilipoibandua Januari, chini yake pakawa na mstatili wa manjano iliyokolea kuliko mlango wenyewe. Nilitegemea kinyume chake, kwamba palipofunikwa pangebaki peupe. Rangi ya mafuta haiendi hivyo. Ikikosa mwanga ndipo inapogeuka manjano, ndiyo maana upande wa ndani wa mlango hubadilika kabla ya nje, na kabati la chini ya sinki hutangulia yote.

Kwa hiyo kabla ya kubishana krimu au kijivu, amua kwanza aina ya rangi yenyewe. Ziko tatu ambazo mtu wa kawaida atakutana nazo dukani au kwa fundi.

Rangi ya mafuta

Hii ndiyo mafundi wetu wengi wameizoea, na haina ubaya wanaoisingizia watu wa mitandaoni. Inajitandaza yenyewe baada ya brashi kupita, kwa hiyo mistari ya nywele za brashi inajifuta. Ikishakomaa inakuwa ngumu, inavumilia sabuni na kitambaa kila siku. Inamsamehe fundi asiye makini kuliko nyingine zote, na inapatikana hadi duka la vifaa la mtaani, kopo la lita moja.

Gharama yake ni muda. Kati ya koti moja na jingine unasubiri saa 16 hadi 24. Praima (rangi ya msingi inayotangulia), koti ya kwanza, koti ya pili: hizo ni siku tatu au nne jiko liko nje kwenye kibaraza na watoto wanakula chipsi. Wakati huo wote rangi inanata. Vumbi linakaa, mbu wanakaa, na kama ni msimu wa kumbikumbi utapata milango yenye mabawa. Harufu ya tapentaini nayo haitoki kwa siku moja. Zima jiko la gesi na ulitoe kabisa chumbani, kwa sababu mvuke wa tapentaini na thina unashika moto. Kuna mafundi wanaochanganya rangi na petroli eti ikauke haraka. Huyo mwambie hapana bila kumwonea haya: ni hatari ya moto ndani ya nyumba yako, na mng'ao unakufa.

Kisha kuna umanjano niliokwisha kuusimulia. Kwa kijani, buluu au kahawia hutauona sana. Kwa nyeupe, utauona.

Glosi ya maji

Hapa watu wengi wanajichanganya. Rangi ya maji ya ukutani, hata ile ya silki inayong'aa kidogo, haikutengenezwa kwa ajili ya kabati. Ukiipaka, mlango utanata kwenye fremu yake kila ukiufunga, na siku moja utauvuta na rangi itabaki upande wa pili. Ninayoisema mimi ni rangi ngumu ya maji iliyotengenezwa kwa mbao na chuma. Soma kopo, litasema hivyo. Maduka makubwa ya rangi ya Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanayo, maduka madogo mara nyingi hawana.

Haigeuki manjano. Inapokea koti ya pili baada ya saa mbili hadi nne, kwa hiyo ukianza asubuhi jioni umemaliza. Brashi unaosha kwa maji ya bomba. Ukiwa na mtoto mchanga au mwenye pumu ndani, hilo peke yake linaweza kuamua.

Lakini ina masharti. Inakauka haraka mno kwa joto letu, na brashi ikirudi mahali palipoanza kukauka inaacha mikwaruzo isiyofutika. Paka asubuhi mapema au jioni, zima feni, usirudierudie. La pili, kukauka si kukomaa. Kidole hakishiki tena baada ya saa moja, ila ugumu wake kamili unakuja baada ya wiki tatu au nne. Mpaka hapo usisugue kwa nguvu wala usibandike kitu mlangoni. Na la tatu, haishiki juu ya mafuta ya kupikia. Kabati lililo karibu na jiko la kukaangia samaki lina utando ambao macho hayauoni ila kidole kinausikia.

Ya kupuliza

Fundi wa samani, tuseme wa Keko, atakuambia brashi ni ya kizamani. Ana kompresa, ana bunduki ya kupulizia, na atakuletea milango iliyonyooka kama friji. Katika hizi za kupuliza ziko mbili tofauti, na ni lazima umuulize anatumia ipi. Ya kwanza ni NC (nitroselulosi), inayochanganywa na thina na kukauka ndani ya nusu saa. Inapendeza siku ya kwanza, lakini ni laini: thina ikiidondokea inayeyuka upya, na kona za droo zinachubuka mapema. Ya pili ni ile ya vikopo viwili, rangi na kigumu chake, zinazochanganywa muda mfupi kabla ya kazi, maana mchanganyiko ukishakaa saa chache unaganda na kutupwa. Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote nilizozitaja hapa.

Ubaya wa ya vikopo viwili uko kwenye mapafu. Kigumu chake kina kemikali zinazoitwa isosianeti, ambazo zinaweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii kitu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Isipulizwe ndani ya nyumba mnayolala. Milango ing'olewe, ipelekwe kwa fundi, irudi imekauka. Na ndipo linapokuja tatizo ambalo hakuna fundi atakayekutajia mwenyewe: fremu za mlango wa jiko huwezi kuzing'oa ukazipeleka Keko. Zitapigwa kwa brashi, kwa rangi nyingine, nyumbani. Makabati na fremu zitatoka makopo mawili tofauti, utake usitake.

| | Mafuta | Glosi ya maji | Vikopo viwili, ya kupuliza |
|---|---|---|---|
| Kusubiri kati ya koti | saa 16–24 | saa 2–4 | fundi ndiye anayejua, hufanyika karakana |
| Nyeupe kubaki nyeupe | hapana | ndiyo | kwa kiasi kikubwa ndiyo |
| Kurekebisha pakichubuka | rahisi | rahisi | vigumu, mlango unarudi kwa fundi |
| Unaweza kupaka mwenyewe | ndiyo | ndiyo, kwa mazoezi | hapana |
| Makabati na fremu kwa kopo moja | ndiyo | ndiyo | hapana |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ulioniamulia mimi. Nitaurudia.

Kilicho chini ya rangi

Kabati la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) au bloku bodi linapokea rangi yoyote, ila kingo za MDF zilizokatwa zinakunywa rangi kama biskuti kwenye chai. Zipige praima mara mbili na msasa katikati, la sivyo kingo zitabaki na vinyweleo na uso wa mlango uko laini. Milango ya melamini au fomaika inataka praima maalumu ya kushikilia sehemu zisizonyonya. Msasa peke yake hautoshi.

Mbao za mninga ni habari nyingine. Ukiipaka mninga rangi nyeupe ya maji bila praima ya kuzuia madoa, utomvu wake wekundu utapenya na utapata mawingu ya waridi koti ya tatu. Lakini kwa nini upake mninga nyeupe? Kama makabati yako ni ya mninga, piga msasa, piga vanishi, na ufunge mjadala. Nimeona watu wakiifunika mbao ya thamani kwa rangi ya kijivu waliyoiona kwenye picha za nyumba za Ulaya, na roho iliniuma kuliko wenye nyumba.

Kama kabati lina rangi ya zamani usiyoijua, chovya pamba kwenye spiriti na usugue sehemu isiyoonekana. Rangi ikilainika na kuhamia kwenye pamba, ilikuwa ya maji. Pamba ikibaki safi, ni ya mafuta, na hapo usithubutu kupaka ya maji moja kwa moja juu yake. Itabanduka kama ngozi ya nyoka. Osha kwa maji ya moto na sabuni ya kukata mafuta, suuza, acha ikauke, piga msasa namba 120 kisha 180 mpaka mng'ao wote ufe, piga praima. Siku inayofuata chora vimistari vya kukatana kwa wembe, bandika selotepu juu, ivute kwa nguvu. Ikitoka tupu, endelea. Ikitoka na vipande, bora ujue leo kuliko baada ya koti mbili.

Nyumba ikiwa ya zamani, piga msasa ukiwa umelowanisha, watoto wakiwa nje. Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, machungwa na nyekundu, ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Kwa rangi mpya, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Tafuta kopo lenye alama ya TBS au KEBS na maneno yanayosema haina risasi, na ukwepe rangi inayopimwa kwenye madumu yasiyo na lebo.

Mng'ao

Wanaouza wataanza na mati, isiyong'aa, kwa sababu ndiyo inayopendeza kwenye picha. Mati jikoni kwetu ni kujitafutia kazi: mchuzi ukirukia, unasugua, na pale uliposugua panaanza kung'aa peke yake. Glosi kamili inasafishika kuliko zote, lakini inaonyesha kila kovu la mbao na kila pati iliyopigwa vibaya. Mlango usionyooka ukipakwa glosi unaonekana umepinda kutoka sebuleni. Kwa makabati mimi nasimama katikati, nusu glosi. Kwa fremu na skatingi (mkanda wa chini ya ukuta), zinazogongwa na ndoo na kulowanishwa na deki kila asubuhi, glosi au nusu glosi. Mkanda wa jipsamu ulio juu hauguswi na mtu, upigwe rangi ya dari na usahauliwe.

Ila jihadhari: rangi ileile, namba ileile, ikiwa mati upande mmoja na glosi upande mwingine, macho yatasoma rangi mbili. Glosi inarudisha mwanga, kwa hiyo inaonekana kali zaidi.

Kuoanisha

Sheria yangu ni moja, na nimeilipia. Makabati na fremu ama ziwe rangi moja kabisa, kutoka kopo moja, ama zitofautiane waziwazi kiasi kwamba mgeni ataona umekusudia. Kinachoharibu jiko ni weupe wawili wanaokaribiana. Krimu karibu na nyeupe ya buluu haionekani kama krimu. Inaonekana kama nyeupe iliyopata uchafu.

Anza na vitu usivyoweza kubadilisha: marumaru za ukutani, granaiti ya kaunta, madirisha ya alumini. Chukua kipande cha marumaru kilichobaki, nenda nacho dukani. Karatasi ya A4 inasaidia kwa sababu viwandani huwekewa dawa ya kuifanya iwe nyeupe ya kuelekea buluu, hivyo nyeupe yoyote yenye manjano, kijivu au waridi inajifichua ikilala pembeni yake. Madirisha ya alumini meupe, muulize aliyeyatengeneza namba ya RAL. Hiyo ni mfumo wa namba za rangi ulioanza Ujerumani mwaka 1927 na rangi 40, na maduka yenye mashine ya kuchanganya wanaufahamu. RAL 9010 ni nyeupe yenye joto, ina umanjano kidogo. RAL 9016 ni ya baridi. Ukizipaka mbili hizi jirani, zitagombana. Na kama kuta zako ni ile krimu nyepesi ya nyumba za kupanga iitwayo maginolia, ambayo kwenye kadi ya rangi ya Uingereza ya BS 4800 ni 08 B 15, basi nyeupe ya baridi kwenye kabati itaifanya ukuta uonekane umepigwa na moshi. Chukua ya joto.

Usiamue chini ya taa za dukani. Paka kipande cha hadibodi cha sentimita 30 kwa 30, koti mbili, kisimamishe wima pale kabati lilipo, maana rangi ikilala mezani inapokea mwanga tofauti. Kiangalie saa moja asubuhi, saa sita mchana, na saa mbili usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya LED na taa ya njano zitakupa rangi mbili kutoka kopo moja. Rangi utakayoiona zaidi ni ya saa mbili usiku, wakati unapika.

Wanaotaka rangi mbili, weka nzito chini na nyepesi juu, kisha fremu zifuate ile ya juu. Kijani cha jani la mgomba chini na krimu juu nimekiona Zanzibar kwenye jiko dogo, na fremu za krimu ileile. Lilikaa vizuri sana. Buluu nzito inapendeza pia, ila mpika chapati ajue kwamba unga wa ngano juu yake unaonekana kama chaki ubaoni. Na rangi nzito zinataka koti tatu, si mbili.

Kopo moja linatosha? Piga hesabu. Milango 12 ya sentimita 40 kwa 70, pande zote mbili, ni kama mita za mraba 6.7. Ongeza droo na nyuso za kabati, fika 9. Fremu za milango miwili na dirisha ni kama 4. Jumla 13, koti mbili 26. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo unahitaji chini ya lita tatu, na galoni ya lita nne inamaliza makabati na fremu na chenji inabaki. Ukilazimika kununua makopo madogo manne, yamimine yote kwenye ndoo moja safi, koroga, ndipo uanze. Makopo ya rangi moja yenye namba tofauti za uzalishaji hayalingani daima, na yakikosa kulingana utagundua katikati ya mlango.

Hivyo ndivyo nilivyofanya mara ya pili: glosi ya maji yenye mng'ao wa nusu glosi, nyeupe ya joto iliyolingana na marumaru zetu, galoni moja kwa kila kitu. Kwa mpangaji anayehama mwakani ningesema mafuta ya rangi nzito, bei nafuu na hakuna atakayelia. Kwa anayejenga sasa, ambaye makabati bado yako karakana na fedha ipo, vikopo viwili vya kupuliza, kisha fremu azipe rangi ya ukuta au ya mbao, asijaribu kuzifananisha na makabati.

Kilichobaki kimimine kwenye chupa ya jamu iliyojaa hadi juu, hewa isikae, uandike kwa kalamu ya wino mzito namba ya rangi, mng'ao na mwezi. Mlango ukichubuka, usipige kiraka. Ung'oe, upige msasa namba 240, uupake wote upande mmoja kutoka kingo hadi kingo, kwa sababu kiraka kinaonekana hata kikiwa cha rangi ileile.